Chemirocha: Mwimbaji wa Mississippi Katika Nchi ya Mto Mara

Mhadhara uliotolewa Buhemba, Wilaya ya Butiama, Mkoa wa Mara



Nimeombwa ninene juu ya muziki, na kwa kuwa Buhemba hii imejulikana tangu zama za ukoloni kwa dhahabu yake kuliko kwa jambo jingine lolote, na Butiama jirani yetu imejulikana kwa Mwalimu Nyerere, huenda wako miongoni mwenu waliotaraji kwamba nitaanza na nyimbo za hapa. Lakini nimekusudia kuwachukua kwanza mbali, mpaka kusini mwa Marekani, kwa mtu mmoja aliyefanya kazi ya reli, akaugua kifua kikuu, akarekodi nyimbo kwa muda usiotimia miaka sita, akafa mwaka 1933 akiwa na umri wa miaka 35, na ambaye pamoja na ufupi huo wa maisha alikuwa akiimbwa na wasichana wa Kipsigis katika nchi ya Kericho miaka 17 baada ya kuzikwa kwake. Mtu huyo aliitwa Jimmie Rodgers. Wako wasemao kuwa kilichomdumisha ni nguvu ya kampuni iliyouza santuri zake. Mimi nasema kwamba kampuni ilimfikisha mlangoni tu, na waliomkaribisha ndani, wakampa kigoda na kumfanya mtu wa nyumbani, walikuwa wapigaji wa ala waliokuwa na muziki wao tayari. Na kama si wao angesahauliwa huku kwetu kama walivyosahauliwa mamia ya waimbaji wengine ambao santuri zao zilisafiri katika makasha yale yale.

Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897 na kulelewa katika mji wa Meridian, jimbo la Mississippi. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo, na baba yake, Aaron, alikuwa mnyapara wa magenge ya kutengeneza njia ya reli, basi mtoto akakulia kandokando ya reli hiyo, na kazi yake ya awali ikawa kuwapelekea maji ya kunywa vibarua weusi waliokuwa wakinyoosha vyuma na kupanga mataruma chini ya jua la kusini. Vibarua hao, ambao babu zao walichukuliwa utumwani kutoka bara letu hili, walikuwa wakifanya kazi kwa kuimba, ili mitaimbo yao iinuke pamoja na kushuka pamoja, na wakati wa mapumziko walipiga banjo na gitaa. Kijana yule mchukua maji alisikiliza, akajifunza, na hakuondokewa tena na alichojifunza. Naomba jambo hili mlishike, kwa sababu wengi humsifu Rodgers kuwa ni baba wa muziki wa wazungu wa mashambani wa Marekani, na ni kweli aliitwa hivyo, walakini robo tatu ya ufundi wake, kwa kadiri ya sikio langu, ilitoka katika vinywa vya watu weusi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Na banjo yenyewe ni ala ambayo asili yake ni Afrika.

Alipokua akawa mtu wa breki katika magari ya moshi, kazi ya kupita juu ya mabehewa katika mvua, baridi na moshi wa makaa, na mwaka 1924 tabibu akamwambia kwamba ana kifua kikuu. Siku hizo ugonjwa huo haukuwa na dawa. Dawa ya streptomaisini ilikuja kuvumbuliwa mwaka 1943, miaka kumi baada ya kifo chake. Kazi ya reli ikamshinda, akabaki na gitaa. Mwaka 1927 alisikia kwamba bwana mmoja, Ralph Peer, wa kampuni ya Victor, amefika Bristol na mitambo ya kurekodi, akitafuta waimbaji wa milimani. Bristol ni mji uliokaa mpakani, nusu yake imo katika jimbo la Tennessee na nusu katika Virginia, na mtu avukaye barabara kuu hutoka jimbo moja akaingia jingine, mfano wa sisi tunavyovuka Sirari kwenda Isebania. Hapo, tarehe 4 Agosti, akaimba nyimbo mbili peke yake na gitaa lake, akalipwa dola 100. Novemba ya mwaka ule ule aliitwa Camden, New Jersey, akarekodi wimbo uliokuja kuitwa Blue Yodel, nao ukapenya mahali pote kiasi kwamba akalazimika kutunga wa pili, wa tatu, mpaka wakatimia 13 wa jina hilo.

Nyimbo hizo zilikuwa na nini? Maneno yake yalikuwa ya vibarua: mtu aliyekosa nauli akashushwa garini, mpenzi aliyeondoka, jela, safari, nyumbani kwa mbali. Mtindo wake ulikuwa ule wa mabluzi wa watu weusi. Lakini mwisho wa ubeti, pale ambapo mwimbaji mwingine angenyamaza ili gitaa lijibu, yeye aliivunja sauti ghafla, ikaruka kutoka kifuani mpaka kwenye kilele chembamba cha juu, ikashuka, ikaruka tena, bila neno lolote. Namna hiyo ya kupaza sauti ilitumiwa tangu kale na wachungaji wa milima ya Ulaya kuitia mifugo na kuitana kutoka bonde hadi bonde. Rodgers aliichanganya na huzuni ya vibarua wa Mississippi, na mchanganyiko huo ukajulikana kwa jina lake.

Mwaka 1930, katika Marekani iliyokuwa ikiwatenga weusi na weupe hata katika mabenchi ya stesheni, alirekodi Blue Yodel ya tisa akifuatwa na tarumbeta ya Louis Armstrong na piano ya Lil Hardin. Jambo hilo peke yake lingetosha kumpa mtu sehemu katika tarikhi. Mwaka uliofuata, 1931, alirekodi wimbo juu ya kifua chake mwenyewe, akiutaja ugonjwa kwa jina mbele ya watu wote, katika zama ambazo mgonjwa wa kifua alifichwa na kuepukwa.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana nazungumza na watu wa Buhemba. Hakuna haja ya mgeni kuja kuwaeleza wachimbaji habari ya vumbi. Nyinyi mnaoshuka shimoni na nyinyi mnaosimama karibu na karasha likisaga mawe mnajua vumbi la jiwe linavyoingia kifuani, na mnajua jinsi kifua kilichokwisha kuchubuliwa na vumbi kinavyokuwa mlango wazi wa kifua kikuu. Mnawajua wenzenu waliokohoa mwaka mzima wakisema ni mafua, na mnawajua waliopelekwa hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro kwa kuchelewa. Siku hizi dawa ipo, hutolewa bure, nayo huponya mtu akiimaliza. Rodgers hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni ujasiri wa kukiimba kile kilichokuwa kikimuua, na mfanyakazi yeyote, wa reli, wa mgodi au wa shamba la chai, akisikia mtu anaimba kwa pumzi pungufu, hata kama hafahamu neno moja la lugha yake, hujua kwamba huyu hasemi uongo.

Mwezi wa Mei 1933 alikwenda New York kurekodi mara ya mwisho. Alikuwa dhaifu hata wakamwekea kitanda cha turubai ndani ya chumba cha kurekodia. Akiimba wimbo mmoja hujilaza, akipata pumzi huinuka, huimba mwingine, na hivyo akamaliza nyimbo 12 kati ya tarehe 17 na tarehe 24. Aliwaza mke na binti atakaowaacha, na alijua kila santuri ni chakula chao. Tarehe 26 akafariki katika chumba cha hoteli. Maiti yake ilirudishwa Meridian kwa gari la moshi.

Sasa, santuri zake zilifikaje Afrika ya Mashariki? Kampuni ya Victor ya Marekani na kampuni ya Gramophone ya Uingereza zilikuwa kama ndugu wa baba mmoja, na zote mbili zilitumia alama ile ile, mbwa aliyeinamisha kichwa akisikiliza pembe ya gramafoni. Wazee wa pwani wanaikumbuka alama hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu ya santuri za Siti binti Saad. Mwaka 1928, mwaka ambao Rodgers alikuwa anaanza kuvuma, Siti na wenzake walipanda meli kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni hiyo ya Kiingereza, na santuri zao ziliponunuliwa kwa makumi ya maelfu, sanduku la kuimba likawa kitu cha kutamaniwa kutoka Mombasa mpaka Kisumu na kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza. Nashangazwa sana na ulingano wa watu hawa wawili: mmoja binti wa Fumba aliyefinyanga na kuuza vyungu, mwingine mtoto wa reli, na wote wawili sauti zao zilibebwa na mbwa yule yule.

Basi katika nchi ya Wakipsigis, kwenye vilima vya Kericho ambako walowezi wa Kiingereza walianzisha mashamba makubwa ya chai katika miaka ya 1920, yasemekana kwamba wazungu walikuwa na gramafoni za kuzungusha kwa mkono, na miongoni mwa santuri walizozipiga zilikuwamo za Jimmie Rodgers. Wenyeji walisikia. Jina lake katika ndimi zao likawa Chemirocha. Na mwaka 1950 alipofika Kapkatet, katika nchi hiyo hiyo ya Wakipsigis, bwana Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa kusini mwa Afrika na kuyafanya maisha yake yote kuwa kazi ya kuhifadhi muziki wa Waafrika, watu walimwimbia nyimbo tatu tofauti zenye jina hilo.

Nimeisikiliza ile ya tatu mara nyingi. Haifiki dakika mbili. Inaanza na chepkong, kinubi cha Wakipsigis, kikizunguka juu ya kifungu kimoja kifupi cha sauti, kikavu, chepesi, kisichochoka; kisha anaingia msichana, Chemutoi Ketienya, sauti yake ikianzia juu na kuteremka, na wenzake wanamdaka kabla hajafika chini, wakaimba pamoja jina lile la mgeni. Tracey alikuwa na desturi ya kuishika maikrofoni mkononi mwake na kuisogeza kutoka kwa mwimbaji hadi kwenye ala, na katika wimbo huu mtu anaweza kuhisi usogezaji huo: kinubi kinakaribia, wasichana wanajaa, kinubi kinarudi. Hakuna gitaa. Hakuna hata kifungu kimoja cha sauti kilichochukuliwa kwa Rodgers. Katika maelezo yake Tracey aliandika kwamba, kwa masimulizi ya pale, Chemirocha ni kiumbe nusu mtu na nusu swala, na wasichana wanamsihi acheze ngoma ya kuruka kwa nguvu mpaka nguo zimtoke mwilini.

Wako waliolichukua jambo hili kwa kicheko. Walisema, tazama ujinga wa watu hawa, wamesikia santuri ya mtu wa reli wakamfanya jini la mwituni. Mimi nawakatalia kabisa. Wale wasichana walikuwa watunzi, na mtunzi akipewa sauti isiyo na mwili huipa mwili. Na mwili walioutoa haukuwa wa kubahatisha, kwa maana sauti ile iliyovunjika ikaruka juu na kutua na kuruka tena inafanana hasa na mwendo wa mnyama arukaye, na Wakipsigis, ambao ni wafugaji na ambao vijana wao hucheza kwa kuruka, waliusikia mruko ule ndani ya koo la mzungu kabla mtaalamu yeyote hajauandika. Walimjua kwa kile alichokuwa nacho, wakamtungia wimbo kwa ala yao na lugha yao na kumwalika katika ngoma yao. Ni heshima gani kubwa kuliko hiyo mtunzi mmoja anaweza kumpa mwenziwe? Mwaka 1961 Wamarekani walipoanzisha orodha ya heshima ya kuwaenzi watu wa muziki wa mashambani, Rodgers alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa. Wasichana wa Kapkatet walikuwa wamekwisha kumpa makazi miaka 11 kabla.

Sisi wa Mara tusilione jambo hili geni, kwa kuwa jirani yetu hapa Butiama alifanya mfano wake kwa kalamu. Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, ikatoka mwaka 1963, na baadaye Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakuna aliyesema kwamba Mzanaki huyu amemkosea Mwingereza kwa kumvika kanzu ya Kiswahili. Alisifiwa, na alistahili sifa. Basi sifa hiyo hiyo wapewe wasichana wa Kapkatet ambao walifanya kazi ya namna ile kwa vinywa vyao.

Baada ya Rodgers walikuja wengine, nami nitawapita kwa haraka. Jim Reeves wa Texas, aliyevutwa na santuri za Rodgers tangu utotoni, alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964, na mpaka leo tenzi zake za kidini hupigwa Jumapili asubuhi katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki. Don Williams, naye wa Texas, alikuja Zimbabwe mwaka 1997 akapokewa kwa shangwe, na alipofariki mwaka 2017 aliombolezwa Nairobi na Kampala. Wote wana wapenzi kwetu, na upenzi wao ni wa kweli. Walakini sijasikia kwamba kuna mahali walipopewa ngoma. Kupendwa kwa kusikilizwa ni daraja moja, na kupendwa kwa kutungiwa ni daraja jingine, lililo juu zaidi.

Na sasa narudi huku kwetu, kwa sababu chepkong ya Kapkatet si ngeni kwa macho ya mtu wa Mara. Maji ya mto wetu huanza kule kule: mto Nyangores, unaopita Bomet katikati ya nchi ya Wakipsigis, huungana na Amala ukawa ndio Mara, nao hupita mbugani, ukafika Kirumi na kumwagika ziwani. Katika bonde hilo lote na kandokando yake wako watu wa kinubi: Wakipsigis na chepkong, Wakisii na obokano, Wajaluo na nyatiti, na Wakurya, pamoja na majirani zao wa mkoa huu, na litungu. Litungu la Kikurya mnalijua vyema kuliko mimi: gogo lililochongwa likawa bakuli, ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juu yake, mikono miwili inayotoka ndani na mti uliokingama kuiunganisha, na nyuzi nane, ambazo zamani zilikuwa kano za ng'ombe na siku hizi aghalabu ni nailoni ya wavuvi. Mpigaji huketi juu ya kigoda, na mngurumo wa ala yake ni mzito, wa kutikisa kifua, si kama ule mkavu wa Kapkatet.

Ndani ya nyuzi hizo nane imo tarikhi ambayo haimo katika kitabu chochote: ng'ombe walioibwa na waliorudishwa, vijana wa Mara waliokwenda na jeshi la King's African Rifles mpaka Burma na waliorudi na waliobaki huko, mahari, njaa, majina ya wazee wa koo. Mpigaji hodari wa litungu akiingia katika hadhira humtaja kila mtu kwa ukoo wake, na aliyetajwa hutoa fedha, na asiyetajwa hurudi nyumbani na huzuni. Naye hutunga mwenyewe anachokiimba. Lakini akifa, ni nani anayeweza leo kuusikia wimbo alioupiga mwaka 1970?

Wakipsigis wanaweza. Nyimbo za Kapkatet ziliwekwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes huko Afrika ya Kusini, zikatolewa katika mfululizo wake wa santuri 210. Na baada ya zaidi ya miaka 60 maktaba hiyo, kwa kushirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha Kapkatet kwa wenyewe. Walimkuta mzee aliyekuwa amerekodiwa mwaka 1950 angali hai, wakamsikilizisha sauti za ujana wake. Nasi tunazo kanda za Radio Tanzania, ambayo watumishi wake walizunguka mikoani katika miaka ya baada ya uhuru kurekodi ngoma za wananchi, na kanda hizo leo zimo mikononi mwa TBC, shirika la utangazaji la taifa. Lakini zilizomo humo ni sehemu ndogo sana ya nyimbo zilizopigwa katika mkoa huu, na nyingine nyingi zimo majumbani mwenu, katika kaseti za harusi na za misiba, zilizofunikwa vumbi juu ya makabati.

Kwa hiyo nina ombi kwenu, nalo ni la kutendwa wiki hii. Aliye na kaseti ya litungu nyumbani kwake asiifute na asirekodi juu yake. Avunje vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake ili isiweze kufutika, na aandike juu ya karatasi jina la mpigaji, kijiji chake na mwaka, hata kama mwaka wenyewe ni wa kukisia. Nanyi vijana mlio na simu, nendeni kwa mpigaji mzee aliye karibu nanyi, mwombeni ruhusa kwa adabu, msogeeni, zimeni karasha lililo jirani kwa dakika kumi, mrekodini wimbo mzima bila kuukata, kisha muulizeni ameutunga lini na juu ya nani. Mlipeni kwa kazi hiyo. Nakala moja iwekwe shuleni na nyingine ipelekwe ofisi ya utamaduni ya wilaya, Butiama. Wapigaji waliobaki wanaoujua mtindo wa zamani ni wachache, na wengi wao umri wao umekwisha kupita miaka 70.